Wastani upi huo? Kiswahili cha vifaa vya kupimia vumbi la hewani

Neno wastani limebebeshwa mizigo mingi katika Kiswahili cha siku hizi. Mwalimu wa hisabati hulitumia kwa jumla iliyogawanywa kwa idadi. Mzazi humweleza jirani kwamba mwanawe ni wa wastani darasani, akimaanisha kuwa si hodari wala si wa mkia. Watabiri wa hali ya hewa hutuahidi mvua ya wastani, nasi tunajua tutalowa ila hatutasombwa. Katika mazungumzo hakuna anayepotea kwa kuwa muktadha humwongoza msikilizaji. Sasa neno hilo limeingia kwenye skrini za vifaa vya kupimia vumbi na moshi hewani, mahali ambapo muktadha wote ni tarakimu mbili na rangi ya manjano. Huko, mzazi wa mtoto mwenye pumu akilisoma vibaya anaweza kufungua dirisha wakati ambapo ilimfaa kulifunga.

Vifaa ninavyovizungumzia si yale mitambo makubwa ya maabara. Ni visanduku vidogo vya kushika mkononi, vya bei ambayo shule au chama cha wakazi kinaweza kuichangia. Mradi wa sensors.AFRICA wa shirika la Code for Africa umevitumia hapa Nairobi. Kule Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, huunda vyake. Na vingi vya kujiundia nyumbani hufuata mchoro wa Sensor.Community, kundi la wananchi lililoanzia Stuttgart, Ujerumani. Kanuni ya kazi yake haina uchawi. Ukiwa ndani ya nyumba ya mabati asubuhi, jua likapenya tundu la msumari, utaona chembe zikicheza ndani ya mwale ule. Kifaa hufanya vivyo hivyo: feni ndogo huvuta hewa, mwale wa leza huimulika, kisha kijicho cha kielektroniki hupokea nuru inayotawanywa na chembe. Tofauti ni kwamba chembe zinazosakwa zaidi, ziitwazo PM2.5, hazizidi kipenyo cha mikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu hukaribia mikromita 70. Ndiyo maana sipendi sana kuziita vumbi, ingawa nimelazimika kufanya hivyo katika kichwa cha makala hii. Vumbi tunaliona, tunalipangusa, linakwisha. Hizi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na macho hayana habari.

Sasa, baina ya nuru ile na namba inayomfikia mwananchi, kuna ukurasa wa mipangilio. Mtu fulani amechagua kifaa kipime kila baada ya muda gani, kitumie safu ipi ya takwimu, kisahihishe kwa kanuni ipi, kionyeshe kizio au fahirisi, kifuate saa ya wapi. Kila chaguo hubadilisha namba. Kwa hivyo asiyeuelewa ukurasa ule hawezi kuihoji namba. Ataipokea tu kama anavyopokea bei ya mafuta. Lawama yangu ni kwamba Kiswahili kinachotumiwa kuutafsiri ukurasa huo, iwe na mashine au na mtu aliyeahidi kazi kesho, hukimbiza kivuli cha neno la Kiingereza na kuiacha kazi yenyewe inayofanywa na kitufe.

Turudi kwa wastani. Fahirisi ya ubora wa hewa ya Marekani, ambayo ndiyo hutumiwa na ramani nyingi za vifaa hivi, ina ngazi sita. Ya pili huitwa 'moderate', na mtafsiri wa haraka haoni neno jingine ila wastani. Kumbuka kwamba ukurasa uo huo una mahali pa kuchagua wastani wa hesabu: wa dakika 10, wa saa 1, wa saa 24. Matokeo yake ni sentensi kama hii: wastani wa saa 24 ni wastani. Shairi zuri hilo, lakini halimsaidii mtu. Baya zaidi, sikio la Mswahili husikia katika wastani kitu cha kawaida, kisicho na neno. Hivi tangu Marekani irekebishe mipaka yake mnamo 2024, ngazi hiyo huanza mikrogramu 9.1 na kuishia mikrogramu 35.4 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unapendekeza zisizidi 15 kwa saa 24. Yaani hewa inaweza kuupita mwongozo huo mara mbili na bado ikaitwa ya wastani.

Ningeuacha wastani kwa watu wa hisabati, ambao hawana mbadala, na ngazi ile ningeiita hewa yenye walakini. Kiswahili kinajua tangu zamani kusema posa ina walakini, shahada ina walakini, ushahidi una walakini. Hatujasema ni mbaya, tumesema ujihadhari. Sijui ni kwa nini watafsiri hulikimbia neno hili. Labda limewazoea mno.

Ngazi ya tatu nayo ina kituko chake. Kiingereza kinataja makundi ambayo hudhurika upesi, na tafsiri ya neno kwa neno inatupa makundi nyeti. Jamani! Suala nyeti tunalijua, na sehemu nyeti tunazijua pia, ndiyo maana tunazisitiri. Mzee wa miaka sabini mwenye ugonjwa wa moyo si kundi nyeti. Ni mtu anayedhurika upesi, na yeye pamoja na watoto, wajawazito na wenye maradhi ya mapafu wanastahili kutajwa kwa majina yao. Mtu akisoma kwamba hewa si salama kwa watoto, wazee na wenye pumu, anajua kama ni yeye. Akisoma makundi nyeti, atacheka au atapita.

Kuna neno jingine linalofanyishwa kazi kupita kiasi, nalo ni kipimo. Kipimo ni kifaa, kipimo ni kizio, kipimo ni namba iliyosomwa, kipimo ni dozi ya dawa, kipimo ni uchunguzi wa malaria. Katika mipangilio ya vifaa hivi, utata huo una gharama. Chukua kifaa cha PurpleAir, ambacho ndani yake kuna vihisi viwili vya kampuni ya Plantower ya China. Kila kihisi hutoa safu mbili za namba kwa hewa ile ile. Moja huitwa CF=1, ambayo mtengenezaji aliikusudia kwa mazingira ya kiwandani, na nyingine ni ya hewa ya nje. Hewa ikiwa safi safu hizo hulingana, ila moshi ukizidi zinaachana. Majina yenyewe ni fumbo hata kwa Mwingereza, kwa hiyo hapa sitamlaumu mtafsiri peke yake.

Tuseme safu ya CF=1 imesoma 60 na unyevuanga ni asilimia 70. Mnamo 2021 watafiti wa shirika la mazingira la Marekani, EPA, walichapisha kanuni ya kusahihisha vifaa hivi: zidisha namba kwa 0.524, toa 0.0862 mara asilimia ya unyevuanga, kisha ongeza 5.75. Ukifanya hesabu, 60 inakuwa 31. Unyevuanga umeingia hapo kwa sababu chembe nyingi hunywa maji na kuvimba, zikatawanya nuru zaidi ya inavyostahili, na kifaa kikadhani uchafu umeongezeka. (Na hapa niwape heko waliotuundia unyevuanga. Neno limejieleza lenyewe, na halina ugomvi na unyevu wa ukutani.) Hiyo 31 ukiigeuza kuwa fahirisi ya Marekani inakuwa kama 92. Ile 60 isiyosahihishwa, ukiigeuza, inakaribia 154. Tuna hewa moja, dakika moja, paa moja, na namba nne: 60, 31, 92 na 154. Moja ya fahirisi hizo mbili inasema hewa ina walakini, nyingine inasema ni hatari kwa kila mtu. Tofauti yote ni vitufe viwili.

Halafu skrini ya Kiswahili inasema: Kipimo: 92. Kipimo gani? Kizio ni mikrogramu kwa mita ya ujazo. Fahirisi haina kizio, ni ngazi tu iliyoundwa na watu kwa ajili ya kuonya. Neno fahirisi si geni, kwani wanatakwimu wa Tanzania hulitumia kila wanapotangaza fahirisi za bei. Kizio kimo katika istilahi za sayansi kwa miaka mingi. Istilahi tunazo, tena zimekaa kabatini zikiliwa na mende, na sisi tunalalamika kwamba lugha ni maskini.

Hoja ya usahihishaji inanileta kwa neno ambalo limenisumbua zaidi, 'calibration'. Wengi huliita kusawazisha. Fungua simu yako iliyo katika Kiswahili uone: kusawazisha ni kule kufanya anwani na picha zilizo kwenye simu zilingane na zilizo kwenye akaunti yako. Fundi aliyezoea simu akibonyeza Sawazisha kwenye kifaa cha hewa atadhani anapeleka data mtandaoni. Wengine husema kurekebisha, na hapo kila mtu anadhani kifaa kimeharibika.

Hebu tutazame kazi yenyewe. Kifaa cha bei nafuu huwekwa kando ya mtambo mkubwa unaoaminika, wiki kadhaa, vyote vikivuta hewa ile ile. Namba zao zinalinganishwa. Kisha kanuni inapatikana ya kusahihisha namba za kile kidogo. Kuna matendo mawili hapo: ulinganishaji, unaofanyika juu ya paa, na usahihishaji, unaofanyika ndani ya programu. Kiingereza cha wahandisi huyafunika yote mawili kwa neno moja, na ufunikaji huo ndio huzaa udanganyifu. Muuzaji husema kifaa kimefanyiwa 'calibration' na mnunuzi haulizi kililinganishwa wapi. Kanuni niliyoitaja ilitokana na vifaa vilivyokaa Marekani. Moshi wa misitu ya kule si moshi wa taka za plastiki zinazochomwa, wala si vumbi jekundu la barabara isiyo lami, wala si masizi ya lori kuukuu linalopanda mlima. Makerere wamefanya ulinganishaji wao Kampala kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye kusoma Kiswahili chenye maneno mawili atauliza maswali mawili. Kwa mara moja, lugha yetu ikiachwa ifuate akili yake, inasema kweli zaidi ya ile tunayoitafsiri.

Nimesikia wenzangu wakitetea 'chaguomsingi', na ni kweli limeenea katika simu na programu. Mimi lina walakini kwangu. Msingi katika Kiswahili ni jambo zuri, ni kitu cha kujengea. Anayeambiwa aache chaguomsingi huelewa kwamba hilo ndilo chaguo bora, lililopendekezwa. Kumbe ni lile tu linalokuwepo mtu asipochagua kitu. Chaguo la kiwandani lingemkumbusha kwamba kiwanda hakikuwa kikifikiria Kariobangi.

Mfano ni ule mpangilio wa muda katika programu ya vifaa vya Sensor.Community. Namba ya kiwandani ni sekunde 145. Ukiuita muda wa kupima, msomaji ataelewa kwamba kifaa hupima kwa sekunde 145 mfululizo. Sivyo. Kihisi cha SDS011 kinachotumika humo huamka, feni hupuliza kwa sekunde 15 hivi, husoma kwa sekunde 5, halafu hulala. Hufanya hivyo kila baada ya sekunde 145. Mtengenezaji huipa leza yake maisha ya saa 8,000, ambazo kwa kifaa kisicholala ni siku 333, haijafika hata mwaka. Kwa hivyo mwalimu mwenye bidii akidhani kwamba muda mfupi ni kipimo kizuri zaidi, akaweka sekunde 20, amekiua kifaa cha shule mapema bila kujua. Maneno mawili, kila baada ya, yangekiokoa. Hakuna istilahi iliyohitajika hapo, wala kikao cha wataalamu hotelini Naivasha.

Lakini penye mtego mkubwa kwa sisi Waswahili ni saa. Vifaa vingi huhifadhi data kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Fikiria kilele cha moshi kikitokea saa moja asubuhi, magari yakiwa yamejaa Jogoo Road na majiko yakiwa yamewashwa. Katika faili la data kilele hicho kitaandikwa 04:00. Asiyejua habari za UTC ataona alfajiri, saa kumi, na ashangae ni nani anayechoma taka wakati huo. Na anayesoma tarakimu kama tunavyozisoma katika lugha hii atasema saa nne, na saa nne asubuhi watoto wako uwanjani wakati wa mapumziko. Tunazo saa tatu tofauti kwa namba moja, na mwalimu mkuu anayetaka kujua ahamishe gwaride au mchezo wa kandanda atahamisha kisichohusika. Kiingereza hakina mtego huu wa pili. Ni wetu, umetokana na hekima yetu ya kuhesabu saa kutoka macheo na machweo, na hakuna programu ya kutafsiri inayoweza kuugundua kwa sababu tarakimu hazitafsiriwi. Mtafsiri mwema angeandika saa 1 asubuhi, akaacha 04:00 kwa wahandisi.

Tukiendelea kidogo, siku nayo inaanza lini? Wastani wa siku unaohesabiwa kwa UTC huanza saa tisa usiku kwetu na kuisha saa tisa usiku inayofuata. Katika hesabu ya mwambao, siku huingia jua linapotua, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwa mzee wa Lamu ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Sitaki programu ifuate kalenda ya Lamu. Nataka tu iseme siku yake inaanza saa ngapi.

Wapo watakaosema yote haya ni anasa, kwamba mafundi wetu wanajua Kiingereza na wanaseti vifaa bila taabu. Kuseti lenyewe sina ugomvi nalo. Ni neno la mtaani lililo hai kuliko tarakilishi na ngamizi zote, na kama fundi wa Gikomba anaseti redio basi ataseti na kifaa cha hewa. Hata sensa ningeipokea kwa kihisi, isipokuwa serikali ilishatuhesabu kwa jina hilo mnamo 2019 na inaweza kurudi. Ila hoja yao inamwangalia fundi peke yake. Kifungu cha 42 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Mkazi wa karibu na dampo la Dandora akienda mbele ya kamati ya kaunti na namba zake, swali la kwanza atakaloulizwa ni namba hizo zilipatikanaje. Akijibu kwamba fundi ndiye anayejua, kesi imekwisha.

Mimi ningependa skrini yake imwambie hivi: Chembe ndogo za hewani, mikrogramu 31 kwa mita ya ujazo. Hewa ina walakini. Watoto, wazee, wajawazito na wenye maradhi ya moyo au kifua wasikae nje muda mrefu. Huu ni wastani wa saa moja iliyoisha saa 1 asubuhi, saa za Kenya. Kifaa hupima kila baada ya sekunde 145. Namba imesahihishwa kwa kanuni ya Marekani ya 2021. Kabla ya kusahihishwa ilikuwa 60. Kifaa hiki hakijalinganishwa na mtambo wowote hapa Nairobi. Maneno ni mengi kwa kioo cha upana wa vidole viwili, najua. Hilo ni suala la wenye kuunda kioo.